Kurudisha Mchoro wa Kipuri Kutoka katika Programu ya Mashine

Didia ni kata ya Wilaya ya Shinyanga, nchi ya Wasukuma, penye mashamba ya pamba na mpunga na makundi ya ng'ombe. Nchi hiyo imekuwa pia nchi ya mitambo tangu John Williamson alipogundua almasi huko Mwadui mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Wachimbaji wadogo nao wana makarasha yao ya kusagia mawe, pampu za kutolea maji mashimoni, na injini za kuendeshea vyote hivyo.

Kila mtambo una siku yake ya kuharibika. Kipuri kikivunjika, fundi hutafuta mchoro wake, na mara nyingi mchoro haupo: umebaki kwa mtengenezaji ng'ambo, au umeliwa na mchwa, au ulikuwa katika kompyuta iliyokwisha kufa. Hata hivyo hutokea kwamba karakana iliyowahi kukichonga kipuri hicho imehifadhi karatasi moja tu, nayo ni orodha ya amri zilizoiongoza mashine. Swali la somo hili ni hili: je, amri hizo zaweza kugeuzwa zikawa mchoro tena?

Jibu ni ndiyo, lakini kwa sharti moja ambalo wanaoanza kazi hii hulisahau. Programu ya mashine haielezi umbo la kipuri; inaeleza safari ya kisu. Anayechora safari akidhani amechora kipuri atapoteza chuma chake, na pengine mtambo wake.

Asili ya amri hizi

Wazo la kuongoza mashine kwa namba lilitokana na kazi ya John T. Parsons wa Traverse City, katika jimbo la Michigan, Marekani, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Umbo la panga ni mpindo usio wa duara kamili, na Parsons aliona kwamba ukihesabu nukta nyingi za mpindo huo, mashine yaweza kupelekwa kutoka nukta hadi nukta. Mwaka 1949 alipata mkataba wa Jeshi la Anga la Marekani, na mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha hadharani mashine ya kuchonga iliyosoma namba kutoka katika utepe wa karatasi wenye matundu. Utepe huo umekwisha kuachwa, lakini lugha yake imedumu. Kiwango cha kimataifa cha lugha hiyo, ISO 6983, kilitolewa mwaka 1982, na hadi leo mashine za CNC husoma amri zinazofanana sana nazo.

Hapa nchini kazi ya kuunda vipuri ilipewa vyombo vyake tangu zamani: SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na TEMDO ya Arusha iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980 kwa ajili ya kubuni mitambo. Lakini somo la leo halihitaji kiwanda. Lahitaji karatasi yenye miraba, rula, bikari, na jiometri ya kidato cha tatu.

Bamba lililovunjika

Na uchukuliwe mfano, uliobuniwa kwa ajili ya somo hili. Bamba la chuma linalofunika tundu la ukaguzi la giaboksi ya karasha limevunjika vipande viwili. Kipande cha kulia kimepotea. Kipande cha kushoto kipo, nacho kina upana wote wa bamba, tundu moja, na unene wake. Fundi akikipima kwa kalipa anapata upana wa milimita 50, unene wa milimita 5 na tundu la kipenyo cha milimita 10. Kitovu cha tundu kiko milimita 20 kutoka ukingo wa kushoto na milimita 25 kutoka ukingo wa chini. Urefu wa bamba haujulikani, wala umbo la upande uliopotea. Mwenye karasha anakumbuka tu kwamba kona moja ya upande huo ilikuwa ya mviringo ili isigonge mbavu ya giaboksi.

Bamba la namna hii fundi yeyote mwenye msumeno wa chuma na tupa angeweza kulitengeneza. Limechaguliwa kwa urahisi wake. Programu iliyolichonga ni hii, na amri chache zisizohusu umbo zimeachwa:

N10 G21 G90 G17
N20 T1 M6
N30 S800 M3
N40 G0 X-6 Y-6
N50 Z2
N60 G1 Z-5 F60
N70 Y56 F120
N80 X70
N90 G2 X86 Y40 I0 J-16
N100 G1 Y-6
N110 X-6
N120 G0 Z50
N130 T2 M6
N140 S600 M3
N150 G81 X20 Y25 Z-8 R2 F50
N160 X60
N170 G80 G0 Z50
N180 M30

Kuzisoma amri

Herufi N ni namba ya mstari tu. X, Y na Z ni mahali pa kisu: X kulia na kushoto, Y mbele na nyuma, Z juu na chini, na Z0 ni uso wa juu wa bamba. G21 yasema vipimo ni milimita; kama ingekuwa G20, vingekuwa inchi, na kila kitu kingekuwa kikubwa mara 25.4. G90 yasema kwamba kila namba inahesabiwa kutoka nukta moja ya asili. G17 yachagua uso wa X na Y kuwa ndiyo karatasi ya kuchorea.

G0 ni mwendo wa haraka bila kukata. G1 ni mwendo mnyofu wa kukata. G2 ni tao linalofuata mzunguko wa akrabu za saa, na G3 ni tao la kinyume chake. Amri ya mwendo hubaki ikitumika mpaka ibadilishwe: mstari N80 una X70 peke yake, na maana yake ni kwamba G1 inaendelea na Y imebaki 56. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa kuwa wanatafuta katika mstari mmoja habari iliyoandikwa mistari mitatu nyuma. Dawa ni kutengeneza jedwali na kuandika X, Y na Z zote katika kila hatua, hata zile zisizotajwa.

M6 ni kubadili kifaa. T1 na T2 ni namba za vifaa katika kabati la mashine, wala haziwi vipimo. S ni mizunguko kwa dakika, F ni kasi ya kusogea kwa milimita kwa dakika. G81 ni kutoboa tundu, na tundu la pili katika N160 limetobolewa kwa amri hiyo hiyo.

Mwanafunzi akiweka nukta hizo katika karatasi atapata safari ifuatayo: kisu kinashuka kwenye (-6, -6), kinapanda hadi (-6, 56), kinakwenda kulia hadi (70, 56), kinazunguka tao hadi (86, 40), kinashuka hadi (86, -6), na kurudi kilipoanzia.

Tao la N90 lastahili kuangaliwa kwa makini. Herufi I na J hazionyeshi kitovu chenyewe, bali umbali wa kukifikia kitovu kutoka nukta ya kuanzia tao. Tao linaanza (70, 56). I ni 0 na J ni -16. Basi kitovu ni (70, 40). Upo ukaguzi wa bure hapa: umbali kutoka kitovu hadi mwanzo wa tao lazima ulingane na umbali hadi mwisho wake. Kutoka (70, 40) hadi (70, 56) ni 16. Kutoka (70, 40) hadi (86, 40) ni 16. Kama umbali huo usingelingana, ingekuwa ishara kwamba namba fulani imenakiliwa vibaya.

Kosa la milimita kumi na mbili

Umbo lililopatikana lina urefu wa 86 kuongeza 6, yaani milimita 92, na upana wa 56 kuongeza 6, yaani milimita 62. Lakini kipande kilichobaki kina upana wa milimita 50! Aliyeridhika na mchoro wa kwanza angechonga bamba lenye ziada ya milimita 12 kila upande wa kipimo, na kona yake ingekuwa na nusukipenyo cha 16.

Sababu yake ni nyepesi. Kisu ni silinda inayozunguka, na namba za programu hii zinafuata kitovu cha silinda hiyo. Ukingo wa bamba hukatwa na ukingo wa kisu, siyo na kitovu chake. Kwa hiyo njia ya kitovu iko nje ya bamba kwa umbali uliosawa na nusukipenyo cha kisu. Kikiitwa r, upana wa njia ni upana wa bamba kuongeza r upande wa juu na r upande wa chini:

62 = 50 + 2r

r = 6

Kisu kilikuwa na kipenyo cha milimita 12. Programu haikulitaja jambo hilo mahali popote. T1 ni jina tu. Kipimo kimoja cha kipande kilichovunjika kimefungua kila kitu kingine. Urefu wa bamba ni 92 kutoa 12, yaani milimita 80. Nusukipenyo cha kona iliyopotea ni 16 kutoa 6, yaani milimita 10, na kitovu chake kinabaki (70, 40), kwa sababu njia na ukingo ni matao ya duara mbili zenye kitovu kimoja.

Fundi makini hatosheki na shahidi mmoja. Njia ya kushoto iko X-6 na tundu liko X20. Tofauti ni 26. Katika kipande, kutoka ukingo hadi kitovu cha tundu ni 20. Tofauti ya 26 na 20 ni 6. Ukingo wa chini watoa jibu hilo hilo: 31 kutoa 25 ni 6. Shahidi wa nne ni kasi ya kisu. Kisu cha kipenyo cha milimita 12 kikizunguka mara 800 kwa dakika, ukingo wake hukimbia 3.14 × 12 × 800, karibu milimita 30,000 au mita 30 kwa dakika, na hiyo ni kasi ya kawaida ya kisu cha chuma kigumu kikikata chuma laini. Kama hesabu ingeleta mita 300, ingefaa kushuku kitu.

Ikumbukwe kwamba hali ingekuwa tofauti kama programu ingekuwa na amri G41 au G42. Amri hizo huiambia mashine isogeze kisu yenyewe, kushoto au kulia mwa njia, kwa kipimo kilichowekwa katika kumbukumbu yake. Hapo namba zilizoandikwa kwa kawaida ni za ukingo wa kipuri wenyewe, na kuzipunguza tena kungekuwa kosa lile lile kwa upande wa pili. Kwa hiyo kabla ya kuchora mstari wowote, programu yote ipekuliwe kutafuta G41, G42, na G40 inayozifuta.

Tundu na unene

Tundu la pili liko (60, 25), katika kipande kilichopotea. Kipenyo chake hakikuandikwa, lakini kati ya N150 na N160 hakuna M6. Keekee haikubadilishwa, basi tundu la pili nalo ni la milimita 10.

Z-8 katika N150 yaweza kumbabaisha mtu: mbona keekee inashuka milimita 8 katika bamba la milimita 5? Ncha ya keekee ya kawaida ni koni yenye pembe ya nyuzi 118. Urefu wa koni hiyo kwa keekee ya milimita 10 ni 5 kugawanya kwa tanjiti ya nyuzi 59, yaani karibu milimita 3. Inaposhuka 8, ncha inamaliza 3 za mwisho, na sehemu yenye kipenyo kamili inafika 5. Aliyeandika programu alitaka tundu litoke upande wa pili likiwa kamili. Hesabu hiyo yakubaliana na Z-5 ya N60 na kipimo cha kalipa.

Kuandika faili la mchoro

Mchoro ukishajulikana, kuuweka katika kompyuta ni kazi ndogo. Mwezi Desemba 1982 kampuni ya Autodesk ilitoa programu ya kuchora AutoCAD, pamoja na namna ya faili iitwayo DXF ambayo programu nyingi za CAD zaweza kuisoma. Faili hilo ni maandishi ya kawaida yanayokwenda kwa jozi: namba ya msimbo, kisha thamani. Kwa mstari mnyofu, misimbo 10 na 20 ni X na Y za mwanzo, 11 na 21 ni za mwisho. Kwa tao, 10 na 20 ni kitovu, 40 ni nusukipenyo, 50 na 51 ni pembe za mwanzo na mwisho. Kona ya bamba la Didia itaandikwa: 10 ni 70, 20 ni 40, 40 ni 10, 50 ni 0, 51 ni 90.

Msomaji ataona kwamba pembe zimegeuzwa. Kisu kilizunguka kufuata saa, kutoka juu kwenda kulia, yaani kutoka nyuzi 90 hadi 0. DXF huhesabu matao yote kinyume cha saa. Anayesahau kubadilishana pembe hizo hupata robo tatu ya duara badala ya robo, kosa ambalo angalau huonekana mara moja kwenye kioo cha kompyuta.

Pale ambapo njia si nyepesi

Bamba la Didia limekuwa na huruma. Programu nyingine huanza na G91, ambamo kila namba ni hatua kutoka mahali kisu kilipo; hapo mahali hupatikana kwa kujumlisha hatua zote zilizotangulia, na kosa moja husogeza kila kinachofuata. Nyingine huandika tao kwa R, yaani nusukipenyo, bila kitovu. Kupitia nukta mbili kwa nusukipenyo kilichotolewa, vitovu viwili vinawezekana. G2 au G3 pamoja na alama ya R ndivyo vinavyochagua.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika programu zilizoandikwa na kompyuta. Mara nyingi hizo hazina tao hata moja. Mpindo wote umekatwa vipande vifupi vya mistari minyofu, pengine maelfu. Kipande chenye urefu c katika duara la nusukipenyo R hukosea mpindo kwa karibu c² kugawanya kwa 8R. Kwa c ya milimita 1 na R ya milimita 10, kosa ni milimita 0.0125, ambalo jicho halilioni. Kwa kuchonga, hiyo yatosha. Kwa kuchora, haitoshi, maana mchoro wenye vistari 63 mahali pa duara moja hauwezi kupimwa wala kurekebishwa.

Hapa jiometri ya darasani yasaidia. Nukta tatu zisizo katika mstari mmoja zina duara moja tu linalozipitia. Programu ikisema (10, 0), (8, 6) na (0, 10), mstari unaokata katikati kwa pembe mraba kipande cha kutoka (10, 0) hadi (8, 6) ni y = x/3, na ule wa kipande cha kutoka (10, 0) hadi (0, 10) ni y = x. Mistari hiyo hukutana (0, 0). Huko ndiko kitovu, na nusukipenyo ni 10. Kisha nukta ya nne ijaribiwe: (6, 8) iko umbali wa kipeuo cha pili cha 36 + 64, yaani 10. Imo katika duara. Programu za kompyuta zinazogeuza amri kuwa michoro hufanya hivyo hivyo kwa nukta nyingi, na huuliza kosa gani likubaliwe.

Yapo mambo ambayo programu haiwezi kuyarudisha kabisa. Haisemi kipuri ni cha chuma gani. Haisemi kipimo kipi lazima kiwe sahihi kwa sehemu ya mia ya milimita na kipi chaweza kulegezwa. Tundu la beringi na tundu la boliti huandikwa kwa namna moja, ingawa moja likikosea kidogo mtambo utapiga kelele mpaka ufe, na lingine halitajali. Hayo fundi huyapata kwa kukitazama kipuri kilichochakaa na kuuliza kilikuwa kikishikana na nini. Na ikiwa kipuri kina hataza ya mtengenezaji, kukitengeneza kwa biashara kwahitaji ruhusa yake, hata kama mchoro umepatikana kwa jasho la fundi.

Zoezi

Kisu cha kipenyo cha milimita 8 kimeshuka ndani ya bamba kwenye X14 Y14, kisha kikaongozwa hivi:

G91
G1 X32
Y22
X-32
Y-22

Wanafunzi wahakikishe kwanza kwamba kisu kimerudi kilipoanzia. Kisha watafute urefu na upana wa uwazi uliochongwa, wakikumbuka kwamba safari hii kisu kiko ndani ya umbo, siyo nje. Atakayepata milimita 40 kwa 30 amepatia. Atakayepata 24 kwa 14 amepunguza pale alipopaswa kuongeza. Mwishowe wachore kona za uwazi huo. Kisu cha mviringo hakiwezi kuacha kona kali kwa ndani, hivyo kila kona itakuwa na nusukipenyo cha milimita 4. Darasa lijadili: je, mchoro wa asili ulitaka kona za milimita 4, au ulitaka kona kali na kisu ndicho kilichoshindwa? Na ni kitu gani katika mtambo wenyewe ambacho fundi angekitazama ili kujua?